Ngozi Zilizofukizwa Udi

Siku hizi Ijumaa hupita katika ghorofa ya pili ya jengo letu la Blaine, Minnesota, bila kunukia chochote. Zulia la koridoo limebaki na harufu yake ya zulia. Kidude cha kugundua moshi, kilicho juu ya mlango wa Bi Ummulkheir, hakivishwi tena kofia ya nailoni ya kuogea ili kisilie. Na pale ukutani, kando ya kabati la viatu, ambapo skii zake mbili, zile mbao nyembamba za kutelezea kwenye theluji, zilikuwa zikiegemea mwaka mzima, imebaki mistari miwili tu, kama mahali palipoondolewa picha.

Bwana Habiyaremye wa mlango wa pili, ambaye aliwahi kuwaandikia wenye jengo barua mbili za kulalamikia moshi, ndiye anayeuliza zaidi.

"Mama ya udi alienda wapi?" huniuliza tukikutana kwenye ngazi. "Koridoo inabaki bure tu."

Namjibu, naye hutikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyeshinda kesi kisha akajuta.

Bi Ummulkheir alizaliwa Kibokoni, Mombasa. Alijifunza ushonaji kwa shangazi yake, akashona mabuibui ya nusu ya mtaa. Minnesota alikuja kumfuata bintiye Faiza, anayefanya kazi katika duka la dawa kule Anoka. Majira ya baridi ya kwanza hakutoka nje ila kwa lazima. Aliitazama theluji dirishani kama mtu anavyomtazama mgeni ambaye hakualikwa, ameshika kiti kizuri, na haonyeshi dalili ya kuaga. Majira ya pili alipata kazi Saint Paul, katika chumba cha nyuma cha duka dogo la vifaa vya skii, akibadilisha zipu za majaketi. Majira ya tatu mwenye duka, mzee wa Kimarekani asiyependa maneno mengi, alimwekea mezani vitambaa viwili virefu na vyembamba, akamwuliza kama ataweza kuvikata.

Vitambaa hivyo huitwa ngozi, ingawa siku hizi hakuna mnyama ndani yake. Upande mmoja una manyoya mafupi kama mahameli, yamelala kuelekea nyuma. Upande wa pili una gundi. Mtu anayetaka kupanda mlima kwa skii, mbali na njia zilizosawazishwa na mitambo, mahali pasipo na viti vya umeme vya kumbeba, hubandika ngozi hizo chini ya skii zake. Manyoya huiachia skii isonge mbele na kuizuia isirudi nyuma. Akifika juu huzibandua, akazikunja, akazitia kifuani ndani ya jaketi, kisha akateremka popote moyo wake unapomtuma. Gundi ikikataa kushika, safari imekwisha.

Alizipenda ngozi tangu siku ya kwanza. Alisema zinakatwa kama buibui: hupimi kitambaa, unampima anayekivaa. Baada ya misimu michache akawa anazisoma. Ngozi iliyolika ukingo wa kushoto ilikuwa imekata ubavu wa mlima kwa muda mrefu, mlima ukiwa kushoto. Iliyopata upara katikati, chini ya mguu, mwenyewe alikuwa amepanda wima kwa ubishi. Utomvu wa msonobari ulimwambia msitu, mikwaruzo ilimwambia jiwe.

"Wewe," alimwambia mteja mmoja, daktari wa meno, bila kuinua macho, "ulipita msituni, ukashika ukingo wa mashariki, halafu ukapotea ukarudi ulikotoka."

Daktari alimgeukia mwenye duka na kumwuliza kwa sauti ya chini kama fundi wake anapiga ramli.

Wengi wa wateja hao walikuwa wakitoka kwenye kituo kimoja cha skii huko Montana, mwendo wa mchana kutwa na usiku kwa gari. Bi Ummulkheir alizisoma ngozi zao, akawauliza majina ya mabonde, akaandika kila njia kwenye daftari la shule lenye jalada la samawati. Njia kumi na saba kwa jumla, kwa mwandiko wa fundi anayeandika vipimo. "Njia ya saba: anzia nyuma ya kibanda cha mwisho. Mlima uwe kushoto. Ukiuona msonobari uliopasuliwa na radi, pita juu yake, usipite chini. Theluji hukusanyika pale ikamngoja mjinga."

Huko kwenyewe hakuwahi kufika. Mahali pa juu kabisa alipowahi kupanda kwa miguu yake tangu aje Marekani ni ngazi za jengo letu, lifti ilipoharibika.

Daftari lile ndilo lililotuleta kwake sisi watu wa chama. Tu Wakenya kumi na wawili, kikundi kilichoanza kama cha kutembea jioni kwa ajili ya shinikizo la damu, kikaishia kwenye theluji. Mwenyekiti ni Jotham, muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi, mtu wa Kakamega, mpole kwa wagonjwa na mkali kwa kila mwenye afya. Anayepanda kwa kasi kuliko wote ni Peris, ambaye kazi yake ni kutoa watu damu maabara. Kila Machi tulikwenda kwenye kituo kile cha Montana, ambacho kwa lugha ya chama kinaitwa Juu, basi. Kila Februari tulimletea Bi Ummulkheir ngozi zetu, tukanakili njia kutoka kwenye daftari lake, tukaondoka. Tulirudi na mashavu yaliyochomwa na jua na hadithi zisizokwisha.

"Mama, ile njia ya saba, woi! Ni vile tu ulisema," Peris alimwambia mwaka mmoja. "Hata ule mti uko!"

"Najua uko," alisema Bi Ummulkheir. "Mimi je, niko wapi?"

Alikuwa anakata, na sauti ya mkasi ikajaza chumba.

Majira yaliyofuata, akiwa na miaka hamsini na minne, alitangaza kwamba Machi hiyo na yeye anakwenda Juu. Alitaka kuuona ule mti kwa macho yake kabla magoti hayajamkatalia. Hakutaka kitu kingine, na hakulisema hilo kama ombi.

"Hakuna shida, Mama," Jotham alimwambia. "Lakini sheria ni moja kwa kila mtu. Kuna mtihani."

Mtihani wa chama hufanyika kwenye kilima kilicho mashariki ya Woodbury, juu ya mto, ambacho Jotham peke yake ndiye anayekiita mlima. Unapanda upande wa kaskazini, usiosawazishwa, mara tatu, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Hushikwi mkono na mtu. Ukishindwa unaruhusiwa kurudia mara moja tu, kwa vifaa vile vile ulivyoanza navyo, maana Juu hakuna wa kukubadilishia. Ukishindwa tena, unangoja mwaka mwingine.

"Na nikuambie ukweli," Jotham aliongeza, "mtu wa pwani hajawahi kufaulu."

"Amewahi kujaribu?"

"Hapana."

"Basi usimtaje."

Mwenye duka alimpa skii kuukuu zilizokuwa zikikusanya vumbi. Alijifunzia kwenye uwanja wa mpira nyuma ya jengo letu, amevaa suruali nzito ndani, dera juu yake, jaketi juu ya dera, na kofia ngumu juu ya mtandio. Faiza alimtazama kutoka roshani, mikono kichwani.

"Mama, utavunjika nyonga!"

"Nimeanguka mara arobaini leo," Bi Ummulkheir alimjibu kutoka chini, akipangusa theluji, "na thelathini na nane nimeanguka kwa heshima."

Kufikia mwisho wa Januari alikuwa anateremka bila kupiga kelele. Akajikatia ngozi zake mwenyewe, za kwanza kuwa zake baada ya kukata mamia ya jozi za watu wengine, akazitia gundi mpya, akazikunja vizuri kama shuka za bibi harusi.

Mtihani ulikuwa Jumamosi. Ijumaa asubuhi alifanya alichofanya kila Ijumaa. Alikivisha kidude cha moshi kofia yake ya kuogea, akaweka makaa kwenye chetezo, akatia udi aliotumiwa kutoka Mombasa, ule uliopikwa kwa sukari na mafuta ya waridi. Nyumbani kwao hakuna mtu aliyewahi kwenda kwenye jambo kubwa na nguo isiyofukizwa. Alikifunika chetezo kwa tenga na kutandaza juu yake dera la kesho, mtandio, soksi. Kisha, kwa kuwa zilikuwa mpya na zilikuwa zake, akatandaza na ngozi, gundi ikitazama chini, kwenye joto na moshi.

Pale dukani, juu ya meza yake, kuna karatasi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe: ngozi zisiwekwe karibu na moto wala moshi. Amewagombeza watu wazima, wenye shahada, kwa kosa hilo. Lakini ngozi za wateja zilikuwa kazi. Hizi zilikuwa nguo.

Jumamosi saa nne kasorobo tulikuwa tumesimama chini ya kilima, mto umeganda nyuma yetu. Jotham, saa imening'inia shingoni kama refa, alinusa hewa kushoto na kulia.

"Nani ameoa?"

"Hiyo ni harufu ya mtu aliyejitengeneza," alisema Bi Ummulkheir. "Hujaizoea, baba."

Alianza vizuri. Hatua fupi, mgongo wima, bila haraka. Jotham na Peris walimfuata kwa nyuma kidogo, kama wasimamizi. Walipofika nusu ya mteremko, ngozi ya kushoto ilibanduka kuanzia mkiani. Alisimama kuitazama, na ya kulia ikabanduka nayo. Hapo Bi Ummulkheir alianza kurudi nyuma. Hakuanguka. Alirudi polepole, amesimama wima, uso ukielekea kileleni, kama mtu anayetoka mbele ya sultani na hataki kumpa mgongo. Alimpita Peris. Alimpita Jotham.

"Asalaam aleikum," alisema alipokuwa akimpita, na akaendelea mpaka kichaka kikampokea.

Tulipomfikia alikuwa ameketi, ngozi moja mapajani. Aliigusa gundi kwa ncha ya kidole. Kidole kiliteleza. Akainusa.

"Nimezifukiza," alisema mwishowe.

"Umezifanya nini?" Jotham aliuliza.

"Nimezifukiza udi. Wallahi nimezipaka sukari na waridi kwa mikono yangu."

Peris aliketi kwenye theluji, akacheka mpaka machozi yakamganda kopeni. Jotham alijikaza kwa ajili ya cheo, kisha akageuka kuutazama mto, mabega yakitikisika.

"Chekeni, chekeni," alisema Bi Ummulkheir. "Saa inakwenda."

Alifungua jaketi. Kiunoni, juu ya dera, alikuwa amejifunga leso, mpya, nyekundu na nyeusi, ambayo maji yalikuwa hayajaigusa. Akatoa mkasi mdogo mfukoni, maana fundi hatoki bila mkasi, akaikata leso vipande virefu. Alivifunga kuzunguka skii na ngozi pamoja, mafundo manne kila upande, akasimama, akaanza tena kutoka chini.

Vilishika, lakini kwa kinyongo. Kila baada ya hatua thelathini fundo moja lilisogea, naye akainama kulifunga upya. Alimaliza mara ya kwanza saa tano na nusu. Mara ya pili, saa saba na dakika kumi. Mara ya tatu tulikaa kileleni tukizitazama zile skii zenye vitambaa vyekundu zikija zikikua. Alipogusa jiwe la juu, Jotham aliitazama saa yake muda mrefu mno.

"Saa hii huwa inakimbia kidogo, Mama," alisema.

"Haikimbii. Inasemaje?"

"Saa nane na dakika sita."

"Basi nimefeli." Alikuwa anahema, na ncha za nyusi zake zilikuwa nyeupe. "Na usije ukanihurumia, Jotham. Huruma ya bara siitaki."

"Haya. Jumamosi ijayo. Vifaa vile vile."

"Vile vile," alisema, akizitazama ngozi zake zilizolowa marashi.

Wiki ile chumba cha nyuma cha duka kilinukia kama nyumba ya harusi. Kuiondoa gundi iliyoharibika kuna namna yake. Unaweka karatasi ya kaki juu ya ngozi, unapitisha pasi ya moto, kisha unaivuta karatasi nayo inakuja na gundi. Bi Ummulkheir alifanya hivyo Jumatatu. Jumanne alitia gundi mpya, ikakataa kushika. Sukari ilikuwa imeingia mpaka kwenye nyuzi. Jumatano akaitoa tena yote, akazisugua ngozi kwa kitambaa na dawa ya kusafishia, akapiga pasi mara ya tatu, na kila pasi ilipogusa karatasi, waridi likapanda hewani upya kumcheka. Mwenye duka alifungua mlango wa nje, akakuta baridi ya kukata masikio, akaufunga. Wateja waliingia wakinusa, wakauliza kama kuna sherehe.

"Kuna mazishi," aliwajibu. "Ya akili yangu."

Alhamisi alitandaza gundi kwa brashi, tabaka jembamba, akaziacha zitulie, asiruhusu mtu hata kupumua karibu nazo. Ilipofika hapo hapakuwa na muda wa kurudia. Kama isingeshika, ungekuwa mwaka mwingine, na magoti yake tayari yalikuwa yameanza kumpigia kelele kwenye ngazi.

Ijumaa asubuhi Faiza alishuka kwenda kazini, kisha akarudi juu mbio.

"Mama! Mbona ngozi zako ziko kwenye gari yangu? Nita-drive nazo mpaka Anoka?"

"Zimefukuzwa nyumbani," alisema Bi Ummulkheir, akipuliza makaa. "Leo ni Ijumaa. Mimi sijiamini."

Kwa hiyo ngozi zilishinda Anoka, kwenye baridi, karibu na duka la dawa, na jioni zikalala garini.

Jumamosi ya pili Jotham alinusa tena chini ya kilima, na safari hii hakupata kitu. Bi Ummulkheir alizibandika ngozi, akazikandamiza kwa kiganja kutoka ncha hadi mkia, akatia kidole ukingoni kujaribu kuzibandua. Hazikubanduka. Akasema bismillahi, akaenda.

Mara ya kwanza alimaliza kabla ya saa tano. Ya pili, saa sita. Ya tatu hakupita njia iliyokanyagwa na sisi; aliitazama, akaona ina ubishi mwingi, akakata yake mwenyewe, ndefu na ya taratibu, kilima kikiwa kushoto. Jotham alimfuata kwa juu kidogo, kwenye njia ya ubishi, na ni hapo, akiwa amefika mahali pa wima kabisa, ngozi yake mwenyewe ilipobanduka. Alikuwa hajaileta kutengenezwa mwaka ule. Alishuka kinyumenyume, mikono ikipepea, saa ikimpiga kidevuni, akampita Bi Ummulkheir kwa umbali wa mkono.

"Waaleikum salaam," alisema Bi Ummulkheir, bila kusimama.

Aligusa jiwe la juu saa saba na dakika tano. Hakushangilia. Alisimama akiutazama mto ulioganda, na upande wa pili misitu ya Wisconsin, mpaka Jotham alipofika, amejaa theluji hadi masikioni.

"Hongera, Mama," alisema, akihema.

"Ahsante, mwanangu. Tunaondoka tarehe ngapi?"

Tuliondoka wiki ya pili ya Machi. Siku ya pili kule Juu, nyuma ya kibanda cha mwisho, mahali msitu unapoanza na alama za watu zinapokwisha, alisimama akaita kwa sauti, "Hodi!"

"Sasa huo ni mlango wa nani?" Jotham aliuliza.

"Simjui. Ndiyo maana nabisha."

Theluji kidogo ilidondoka kutoka kwenye tawi. Aliridhika, akaingia. Alituongoza njia nzima bila kufungua daftari, mlima ukiwa kushoto, na baada ya saa moja hivi akasimama ghafla. Msonobari ulikuwa pale, umepasuliwa kutoka kichwani hadi kiunoni, nusu yake kavu, nusu ya kijani. Aliutazama muda mrefu. Upepo ulikuwa unavuma juu ya ukingo.

"Nilidhani ni mkubwa zaidi," alisema.

Kisha akatoa daftari na kalamu ya risasi, akaandika amesimama: "Mti ni mdogo. Tabia ni hiyo hiyo." Akapita juu yake, nasi tukafuata. Kufikia siku ya nne Jotham alikuwa anapiga hodi kuliko yeye.

Siku ya kuondoka gari lilimngoja robo saa. Tulimkuta katika karakana ya kituo, miwani puani, akimwonyesha msimamizi, mwanamke mmoja mrefu, jinsi ngozi walizozikata wao zilivyoacha kingo za skii zikiwa zimefunikwa, zisiweze kuuma theluji. Alikuwa ameshakata upya jozi tatu. Msimamizi alimwomba namba ya simu. Oktoba akapiga.

Faiza alilia kwa Kiingereza na kumfungia mizigo kwa Kiswahili. Chetezo alikifunga kwa ile leso, au vilivyobaki vyake.

Bi Ummulkheir sasa yuko Montana. Anafanya kazi katika karakana ya kituo kile, meza ya pili kutoka mlangoni, na anaishi chumba kilicho juu yake.